Nani Anakujua? Safari ya Sahihi Kutoka Barazani Hadi Kwenye Kamera

Leo tuweke kando lugha za programu na mambo ya seva, tuongee juu ya swali moja la zamani sana ambalo siku hizi limetuangukia sisi watengenezaji wa programu. Swali lenyewe ni hili: mtu akitia sahihi karatasi naye yuko mbali, nani atasema kwamba aliyetia ni yeye?

Marekani kuna kazi nzima iliyojengwa juu ya swali hili. Mtu hukaa mbele ya kompyuta yake, notari hukaa mbele ya kompyuta nyingine, pengine katika mji mwingine kabisa. Wanaonana kwa video, sahihi inatiwa, muhuri unagongwa, shughuli imekwisha. Notari, kwa wasiomjua, ni mtu aliyepewa mamlaka na sheria kushuhudia sahihi na kuapisha watu. Hapa Kenya kazi yake inasimamiwa na sheria yake, Sura ya 17, na huwa ni wakili. Wengi wetu tunamjua zaidi ndugu yake, kamishna wa viapo, yule wakili mwenye muhuri ambaye humpelekea kiapo ukipoteza kitambulisho au hati yako.

Sasa utauliza, mtu wa Bofa yanamhusu nini hayo? Yanamhusu kwa sababu ya ploti. Ukanda huu wa mchanga mweupe kaskazini mwa mji wa Kilifi una viwanja ambavyo wenyewe hawapo. Kuna walio Nairobi, kuna walio Doha na Jeddah, kuna walio London na Texas. Mwenye ploti akiwa mbali na anataka kuuza, kugawa au kukodisha, humwandikia mtu wa nyumbani hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayosema, "huyu atende kwa niaba yangu." Hati hiyo ikishasajiliwa, aliyetajwa ndani yake anaweza kuuza shamba la watu kihalali kabisa. Kwa hiyo lile swali la "ni wewe kweli?" lina thamani sawa na ploti yenyewe.

Ili tusipotee, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kuna dada aitwaye Kadzo, mzaliwa wa Bofa, ambaye ni muuguzi huko Richmond, Virginia. Baba amefariki, shamba limebaki kwa jina la Kadzo na kaka yake, na Kadzo anataka kumpa kaka uwezo wa kushughulikia mambo ya shamba. Tutamrudia Kadzo mara kwa mara. Lakini kwanza turudi nyuma, maana mambo ya mtandao huwezi kuyaelewa vizuri kama hujui yamechukua nafasi ya kitu gani.

Zamani jibu lilikuwa rahisi: unajulikana. Katika miji ya Waswahili, kuanzia Lamu, Malindi, Takaungu hadi Mombasa, mkataba wa shamba au nyumba uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi mbele ya kadhi, na kilichoupa nguvu ni mashahidi. Sheria ya Kiislamu inataka deni liandikwe na washuhudie watu wawili, na kadhi hutaka kujua pia kama hao mashahidi wenyewe ni watu waaminifu. Kwa Wagiriama na Mijikenda wengine, wazee wa kaya na majirani ndio waliokuwa kumbukumbu. Mpaka wa shamba ulijulikana kwa mti, na mwenye shamba alijulikana kwa ukoo wake.

Ukiutazama mfumo huo kwa jicho la mtengeneza programu utaona ni mzuri kwa mambo mawili. Kwanza, ni vigumu kumdanganya mtu anayekujua tangu utotoni. Pili, shahidi hutazama zaidi ya sura: anajua kama umelewa, kama unalazimishwa, kama mnagombana nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba shahidi hufa, na kumbukumbu yake huenda naye. Tena haisafiri. Mtu wa Bofa anayejulikana na kila mtu hapa, akifika Pemba hajulikani na yeyote.

Kisha ikaja serikali yenye daftari. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, na ukanda wa pwani wa maili 10 ukabaki ni milki ya Sultani wa Zanzibar kwa jina huku Waingereza wakiutawala. Sheria nyingi za India zilivushwa bahari na kutumiwa hapa, na utamaduni wa ofisi za India ukaja nao: daftari la usajili, nakala, muhuri, karani. Mwaka 1908 ikapitishwa sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila aliyedai kumiliki ardhi alitakiwa alete dai lake mbele ya msajili na alithibitishe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali.

Hapa ndipo historia inapotufundisha jambo ambalo kila anayejenga mfumo wa utambulisho anapaswa kulikumbuka. Sheria ile haikusema Mgiriama ana ardhi au hana. Ilisema leta dai kwa namna tunayoitambua. Aliyekuwa na karatasi ya kadhi na mashahidi wa mjini alikuwa na la kuleta. Ambaye ushahidi wake ulikuwa mwembe wa babu na kumbukumbu ya wazee, mara nyingi dai lake halikuingia daftarini. Hesabu ya maskwota wa pwani, ambayo tunaisikia kila uchaguzi, sehemu yake kubwa inaanzia hapo. Mfumo ulikuwa na fomu, na fomu haikuwa na nafasi ya kumwandika kila mtu.

Haya, tuje kwenye kidole. Watu wengi hudhani alama za vidole zilianza kwa ajili ya kukamata wezi. La. Zilianza na mikataba. Mwaka 1858, huko Bengal, ofisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alifanya mkataba wa vifaa vya kujengea barabara na mtu mmoja, Rajyadhar Konai, na akamtaka agonge kiganja chake chenye wino nyuma ya karatasi ili baadaye asije akaikana sahihi yake. Mwaka 1877, akiwa Hooghly, Herschel akaanza kutumia alama za vidole katika kusajili hati na kulipa pensheni. Ona basi: kabla kidole hakijaenda polisi, kilishaingia ofisi ya hati. Baadaye, huko Calcutta, Edward Henry pamoja na Azizul Haque na Hem Chandra Bose walitengeneza njia ya kuzipanga alama hizo kwa makundi ili ziweze kutafutwa kwenye kabati, na mwaka 1901 mfumo ukafika polisi wa London. Kwa lugha yetu ya leo, Haque na Bose waliandika faharasa ya hifadhidata, ila hifadhidata yenyewe ilikuwa ya kadi na droo.

Kenya kidole kilifika kwa sura mbaya. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, mwaka 1919 hadi 1920, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande. Humo mliandikwa jina, kabila, mwajiri, mshahara, na mlipigwa alama za vidole. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kazi ya kipande ilikuwa kumzuia mtu asimkimbie mwajiri. Hakikutengenezwa ili kumsaidia athibitishe mali yake. Mwaka 1947 ikaja sheria ya kusajili watu wa rangi zote, na walowezi wa Kizungu walipiga kelele walipoambiwa nao wapige vidole. Jina la kipande halikufa. Mpaka leo mtu akiulizwa "kipande chako kiko wapi?" anatoa kitambulisho cha taifa.

Wanawake walingoja zaidi. Hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1978, kitambulisho kilikuwa cha wanaume. Fikiria basi mama wa Bofa wa mwaka 1970 aliyerithi au kununua shamba: mfumo uliotambua watu kwa kipande haukuwa na kipande cha kumtambua yeye. Alihitaji mwanamume wa kusimama naye, au chifu wa kusema anamjua. Kitambulisho cha kizazi cha pili, kile kidogo cha plastiki tunachokijua, kilianza mwaka 1995.

Na sheria za karatasi zilisemaje juu ya kuwa mbali? Zilisema fika. Sheria ya viapo, Sura ya 15, inamtaka kamishna aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 45, iliandika kwamba anayetia sahihi hati afike mbele ya msajili au ofisa aliyetajwa, na kama hajulikani naye, aje na shahidi wa kuaminika wa kumtambulisha. Kisha ofisa ahakikishe mambo mawili: kwamba huyu ndiye, na kwamba ametia sahihi kwa hiari yake. Kifungu cha 44 kikaongeza nakala ya kitambulisho au pasipoti, PIN ya kodi na picha. Umeona? Ndani ya sheria ya 2012 bado yumo shahidi wa kadhi. Karatasi zimeongezwa juu yake, yeye hakuondolewa.

Sasa tuingie kwenye mtandao. Hapa kwetu hatua kubwa ya kwanza haikutoka kwa mawakili, ilitoka kwenye simu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Mkenya wa kawaida kwa mara ya kwanza alitoa amri yenye thamani ya pesa akiwa mbali na karani yeyote. Ulionyesha kitambulisho mara moja kwa wakala, baada ya hapo namba yako ya siri ikawa sahihi yako. Mwaka 2009 sheria ya mawasiliano ilirekebishwa na sahihi ya kielektroniki ikatambuliwa. Mwaka 2010 serikali iliagiza laini za simu zisajiliwe kwa kitambulisho. Tarehe 18 Machi 2020 Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ikafungua mlango wa sahihi za kielektroniki hata katika hati za ardhi. Aprili 2021 serikali ikazindua Ardhisasa, mfumo wa shughuli za ardhi kwenye mtandao, ukianzia Nairobi.

Lakini tafadhali tusichanganye mambo mawili. Kutia sahihi kwa kompyuta ni jambo moja, kufika mbele ya ofisa kwa kompyuta ni jingine. Sheria yetu inapoizungumzia sahihi ya kielektroniki ya kiwango cha juu, inataka iwe imefungamana na mwenyewe peke yake, iweze kumtambulisha, itengenezwe kwa njia iliyo chini yake mwenyewe, na ionyeshe kama hati imebadilishwa baadaye. Hayo yote hesabu inayaweza. Ila hesabu haiwezi kujua kama ufunguo ule umeshikwa na Kadzo au na mpwa wake aliyejua nywila yake. Pengo hilo ndilo Wamarekani walilolishughulikia.

Jimbo la kwanza lilikuwa ni lile lile la Kadzo. Virginia ilipitisha sheria yake mwaka 2011 ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2012. Texas ilifuata mwaka 2018, Florida Januari 2020. Korona ilipofunga ofisi mwaka huo wa 2020, majimbo mengine yalikimbilia amri za dharura, na baadaye zaidi ya majimbo 40 yakawa na sheria za kudumu. Sasa tuone mashine yenyewe inavyofanya kazi, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kukichunguza kitambulisho. Kadzo anapiga picha pasipoti yake mbele na nyuma, programu inaichunguza. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili yenye herufi na alama za <<<. Kuanzia mwaka 1980 shirika la usafiri wa anga la ICAO liliweka kanuni ya mistari hiyo, na ndani yake mna tarakimu za ukaguzi. Jaribu mwenyewe, ni rahisi. Chukua tarehe ya kuzaliwa 12 Desemba 1963, siku ya Uhuru. Inaandikwa 631212. Zidisha kila tarakimu kwa 7, 3, 1, kisha 7, 3, 1 tena:

6×7=42, 3×3=9, 1×1=1, 2×7=14, 1×3=3, 2×1=2.

Jumla ni 71. Gawa kwa 10, baki ni 1. Hiyo 1 ndiyo inayopaswa kufuata baada ya tarehe. Mghushi mvivu akibadilisha mwaka bila kubadilisha tarakimu ya ukaguzi, programu inamkamata papo hapo. Mghushi anayejua hesabu hii, ambayo nimekupa hapa bure, haikamatwi naye hata kidogo. Ndiyo maana wanatazama pia mistari ya rangi, aina ya herufi, na kwenye leseni za udereva za Marekani ule msimbo mpana wa PDF417 ulio nyuma, kuona kama unalingana na maandishi ya mbele.

Kilicho bora zaidi ni chipu. Pasipoti za kielektroniki, ambazo Kenya ilianza kuzitoa mwaka 2017, zina chipu ambayo data yake imetiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa nchi. Simu yenye NFC inaweza kuisoma na kuihakiki kwa ufunguo wa umma wa nchi hiyo. Hapo mghushi hana hesabu ya kujifunza, anahitaji kuiba ufunguo wa serikali.

Hatua ya pili ni maswali. Programu inavuta habari za mtu kutoka kwenye kumbukumbu za mikopo na rekodi za umma, inamtungia maswali: uliwahi kuishi mtaa gani kati ya hii, gari lako la 2014 lilikuwa la aina gani, mkopo wako wa nyumba ulikuwa wa benki ipi. Kanuni za Texas zilitaka maswali yasiyopungua 5, kila moja na majibu yasiyopungua 5 ya kuchagua, ndani ya dakika 2, na upate asilimia 80. Ukishindwa unajaribu tena mara moja ndani ya saa 24, na sehemu ya maswali hubadilishwa.

Hatua ya tatu ni notari mwenyewe. Anamwona Kadzo kwa video, anailinganisha sura na picha, anamwuliza kama ameisoma hati, kama anaielewa, kama kuna mtu chumbani anayemshurutisha. Kompyuta zimefanya mengi kabla yake, lakini sheria inamtaka yeye aridhike.

Hatua ya nne ni kuhifadhi. Hati ikishatiwa sahihi, programu huipitisha kwenye hesabu inayotoa alama fupi ya herufi na tarakimu, mathalani 64 kwa njia ya SHA-256. Badilisha koma moja ndani ya hati na alama yote inabadilika. Notari anaifunga alama hiyo kwa cheti chake cha kidijitali. Video nzima inarekodiwa na kuwekwa: Virginia miaka 5, Florida miaka 10. Hili la video halikuwahi kuwepo katika ofisi ya karatasi. Ukigombana leo juu ya sahihi ya mwaka 1985, una wino tu. Ukigombana juu ya sahihi ya video, hakimu anaiona sura na kuisikia sauti.

Mambo mazuri, sivyo? Sasa tuangalie panapovuja.

Maswali yale yalijengwa juu ya imani kwamba ni wewe tu unayejua historia yako. Mwaka 2015 wezi waliingia kwenye huduma moja ya mtandao ya mamlaka ya kodi ya Marekani kwa kujibu maswali ya aina hiyo hiyo kwa usahihi. Walikuwa wamekwisha kuzipata habari za watu mahali pengine. Hesabu ya waliohofiwa kuathirika ilipanda hadi zaidi ya 700,000. Mwaka 2017 kampuni ya kumbukumbu za mikopo ya Equifax ikavamiwa na habari za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Jibu la swali likishauzwa sokoni, anayelijua si lazima awe mwenyewe.

Na Kadzo je? Yeye ndiye Kadzo halisi, lakini ana miaka miwili tu Marekani. Hana mkopo wa nyumba, gari alinunua taslimu. Mashine inamtafuta kwenye kumbukumbu haimwoni, kwa hiyo haina cha kumwuliza. Mwizi aliyenunua data anafaulu, mwenye mali anaanguka. Mnakumbuka mwembe wa babu mwaka 1908? Ni mambo yale yale. Mfumo unamwuliza mtu ushahidi wa aina ambayo maisha yake hayakumpa.

Kwa uso nako kuna kazi. Zamani tulihofia mtu kushika picha mbele ya kamera, ndiyo maana programu humwambia mtu ageuze shingo au apepese macho. Akili unde za siku hizi zinatengeneza uso unaogeuka na kupepesa. Kila hatua ya ulinzi inapaswa kudhani kwamba hatua iliyotangulia imeshavunjwa, na ndiyo sababu sheria za majimbo mengi hudai njia mbili tofauti kwa pamoja badala ya moja.

Na mnajua sheria hizo zimeacha njia gani kwa mtu kama Kadzo? Zimeacha mbili za kale kabisa: notari awe anamjua mwenyewe binafsi, au aje shahidi mwaminifu ale kiapo kwamba anamjua. Baada ya chipu na misimbo na SHA-256, Virginia bado ina kiti cha shahidi wa kadhi.

Sisi hatuna sababu ya kuiga maswali ya mikopo. Kenya tuna kitu kingine, daftari la taifa, ambalo benki na makampuni ya simu huulizia namba ya kitambulisho na kupata jina. Lakini jina peke yake halitoshi, hasa huku kwetu. Mgiriama humpa mwanawe jina la babu, kwa hiyo Karisa wa Charo humzaa Charo wa Karisa, naye humzaa Karisa wa Charo mwingine, na jirani ana Karisa wa Charo wake. Watafiti wa KEMRI na Wellcome hapa Kilifi wanaujua ugumu huo. Tangu mwaka 2000 wamekuwa wakiwahesabu watu wa eneo la kilomita za mraba 891, zaidi ya robo milioni, na ili mgonjwa wa hospitali aunganishwe na mtu wa kwenye sensa ilibidi wamtambue kwa nyumba yake, jamaa zake na umri wake pamoja na jina. Wazee wa kaya wangewaambia hivyo hivyo.

Vidole na nyuso za taifa zima katika daftari moja nazo zina hatari yake. Serikali ilipoanzisha Huduma Namba mwaka 2019, kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2020 mahakama ikakataza kukusanya DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS, ikataka na sheria ziwekwe kwanza. Mwaka 2023 ikaja Maisha Namba. Nywila ikiibwa unaibadilisha. Kidole kikiibwa huna kingine cha kuletewa, na mkulima au mvunja mawe ambaye kazi imemsugua vidole anaweza kukataliwa na mashine hata kama hajaibiwa chochote.

Msifikirie pia kwamba cheti kikishatoka mambo yamekwisha. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management juu ya ploti ya ufuoni Nyali, Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati, na ilisema imenunua kwa nia njema. Mahakama ilitazama namna ardhi ilivyotolewa mwanzoni, ikaona utaratibu haukufuatwa, na hati haikuiokoa. Kesi ile haikuwa ya sahihi ya kughushi, lakini somo lake linatufaa: mnunuzi wa Bofa anayepewa hati ya uwakilishi kutoka ng'ambo aulize ilithibitishwaje, na nani, na rekodi iko wapi. Mnyororo ukikatika mwanzoni, wa mwisho ndiye anayelia.

Kama ningepewa kazi ya kuujenga mfumo huu kwa ajili ya watu kama Kadzo, ningefanya hivi. Pasipoti isomwe kwa chipu, isiwe kwa picha tu. Laini ya simu isiwe ushahidi wa kutegemewa peke yake, maana wizi wa kubadilisha laini tunaujua sote. Video irekodiwe na kutunzwa, na mwenyewe apewe nakala. Hati ya uwakilishi ikishawasilishwa, ujumbe uende kwa mwenye ploti kwa njia zaidi ya moja na zipite siku kadhaa kabla haijaanza kazi, ili aliyeibiwa jina apate muda wa kupiga kelele. Na kuwe na nafasi ya shahidi: mtu wa nyumbani asiyefaidika na mauzo, aonekane kwenye video hiyo hiyo, amwulize Kadzo kwa Kigiriama jambo ambalo halimo katika kumbukumbu ya benki yoyote, kisha aapishwe kwamba anamjua.

Nanyi mlio mbali, msingoje mfumo wangu. Fanyeni upekuzi wa ploti yenu katika ofisi ya ardhi mara kwa mara, mjue imeandikwa kwa jina la nani. Hati ya uwakilishi iandikeni kwa jambo moja tu na kwa muda maalumu, msiandike "afanye lolote". Na kabla hamjamlipa notari wa mtandao, ulizeni kwanza ofisi itakayopokea hati hiyo huku nyumbani kama itaikubali, maana notari wa Virginia anaweza kufuata kila kanuni ya Virginia na karani wa Kilifi akairudisha karatasi.

Aliye na swali, hasa mawakili na makarani wa ardhi mnaosoma hapa, karibuni tuongee.